Ngoma Hupashwa Moto, Toazi Je?

Mchagua jembe si mkulima. Msemo huu tumeurithi kwa wazee wetu, na sidhani kama yuko mmoja kati yetu ambaye hajapata kuutumia, hasa pale anapomwona mwenzake dukani anashika hiki, anaacha kile, na jua linazidi kupanda. Msemo una haki yake, na mvivu hukosa kisingizio mbele yake. Lakini, ndugu msomaji, kiko chombo kimoja ambacho asiyekichagua ndiye atakayejuta, nacho ni toazi. Nalisema hili leo kwa sababu ya shauri lililonifikia kutoka Voi.

Voi ni mji wa njia panda. Reli ya Mombasa ilipita pale katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakachepusha tawi kutoka hapo kwenda Taveta hadi kuungana na reli ya Moshi. Malori ya barabara kuu hayalali, na tangu mwaka 2017 treni mpya nayo ina kituo chake hapo. Mahali panapopita watu hapakosi harusi, hapakosi hafla, na palipo na hafla hapakosi wapiga muziki. Isitoshe, Wataita si wageni katika fani hii. Fadhili William, aliyeirekodi Malaika pamoja na Jambo Boys mwaka 1960, alikuwa mtoto wa huko. Habel Kifoto, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mtoto wa huko pia, na bendi yake ya wanajeshi, Maroon Commandos, iliiimba Charonyi ni Wasi kwa Kitaita katika miaka ya 1970, na Kenya nzima ikaicheza hata wasiojua neno moja la lugha hiyo. Kwa hivyo kijana wa Voi anayeshika ala ana deni la kulipa kwa waliomtangulia.

Sasa shauri lenyewe. Vijana watano wanaopiga muziki wa harusi katika Voi na Mwatate wamecheza upatu kwa muda wa mwaka mzima. Kila mmoja alitia chake, na zamu ikizunguka kila mmoja aliacha fungu kwa ajili ya kundi. Kwa fedha hizo wamenunua ngoma za seti, hizi ambazo wenyewe huziita dramu, kukuu lakini nzima. Zimekuja bila ya matoazi. Fedha iliyobaki ni kidogo, na hapo ndipo walipogawanyika. Wako wanaotaka sanduku zima, matoazi manne mapya yanayong'aa kama sinia za harusi, yote kwa bei moja ya chini. Na wako wanaosema afadhali mawili yenye sauti, hata kama yamepigwa na mtu mwingine kabla yao. Wameniletea mimi niamue. Si kwa sababu mimi ni mpigaji. Mimi ni mtu wa kalamu na mizani ya mashairi, lakini nimeandika sana habari za ngoma na nimezisikiliza zaidi ya nilivyoziandika.

Hukumu yangu naitoa mapema, asije msomaji akachoka njiani. Wenye haki ni hawa wa pili.

Huenda mtu wa pwani akauliza, matoazi ya dramu yatuhusu nini sisi? Hayo si mambo ya mabendi ya mahoteli na ya makanisa ya bara? La, si hivyo. Toazi si mgeni kwetu. Tari lenye visahani vya shaba pembeni mwake tunalijua tangu utotoni. Upatu, kabla ya kuwa jina la mchezo wa fedha, ulikuwa na bado ni kile chombo cha shaba kinachopigwa katika ngoma zetu. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu walipoanzisha beni mwishoni mwa karne ya 19, wakagawana Kingi na Scotchi, wakashindana kwa sare na kwa matarumbeta, walishindana pia kwa mshindo wa ngoma na shaba. Na ng'ambo ya bahari yetu, wazamiaji wa lulu wa Bahrain walikuwa na nyimbo zao zilizotiwa matoazi madogo ya shaba. Mimi nimelelewa chuoni, na najua kwamba masheikh wetu wana kauli zao juu ya ala, ipi ifaayo na ipi isiyofaa. Hayo nawaachia wenyewe, kwani kila fani ina watu wake. Maneno yangu ni kwa yule ambaye amekwisha kuamua kupiga, na riziki yake imo humo.

Na tena, ukifuata nasaba ya toazi la dramu, utajikuta umefika Istanbul. Majeshi ya masultani wa Kituruki yalikuwa na bendi zao zilizoitwa mehter, na matoazi yalikuwa sehemu ya kishindo kile kilichotangulia askari. Humo mjini alikuwako fundi wa madini, Mwarmenia kwa jina Avedis, aliyepata mchanganyiko wa shaba na bati uliotoa sauti kali na ya kudumu bila ya kuvunjika. Akaitwa Zildjian, maana zil kwa Kituruki ni toazi, na jina likawa ni la ukoo wa watengeneza matoazi. Kampuni yao inahesabu mwaka 1623 kuwa ndio wa kuanzishwa kwake. Wazungu waliposikia muziki wa Kituruki waliupenda wakauiga, na kufikia mwaka 1782 Mozart alikwisha kutia matoazi katika mchezo wake wa kuimbwa unaohusu jumba la pasha wa Kituruki. Mwaka 1929 kazi ya ukoo huo ilihamia Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndugu mmoja akajitenga akaanzisha Sabian huko Kanada. Istanbul nayo haikuachwa yatima, kwani mafundi wake wangali wanafua matoazi kwa nyundo hadi leo. Basi chombo hiki kilichofika Voi kimepita mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilifanya kazi chini ya kivuli cha misikiti.

Tuje sasa kwenye kiini. Kwa nini nasema toazi lichaguliwe kuliko ngoma?

Mpigaji yeyote wa zamani anajua kwamba ngoma iliyolegea haitupwi. Huwashwa moto wa makuti au wa kuni, ikasogezwa, ngozi ikapata joto, ikakaza, na sauti ikarudi. Ndivyo zifanywavyo ngoma zetu za pwani. Wadawida nao wana Mwazindika yao, ngoma ya tiba ambayo siku hizi huchezwa pia katika sherehe. Ngoma za seti hazisogezwi motoni, lakini zina skrubu pembeni za kukazia, na ngozi yake ya plastiki ikichoka hununuliwa nyingine. Ngoma ya bei ya chini, ikipata ngozi nzuri na mkono unaojua kukaza, yaweza kumdanganya hata fundi.

Toazi halina mlango huo. Halina skrubu, halina ngozi, halikazwi, halilegezwi. Sauti iliyotiwa humo siku lilipotengenezwa ndiyo hiyo utakayoishi nayo mpaka siku litakapopasuka. Likiwa zuri utapumzika, na likiwa baya hutalitengeneza kwa moto wala kwa dua. Kwa hivyo mwenye fedha chache na abane kwenye ngoma, asibane kwenye toazi. Watu wengi hufanya kinyume chake. Hununua ngoma za rangi za kupendeza, kisha matoazi wakayachukua yale yaliyotiwa ndani ya sanduku kama nyongeza. Nyongeza ya muuzaji mara nyingi ni kile kilichomshinda kuuza.

Tofauti ya sauti inaanzia kwenye madini. Yako matoazi ya shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, pengine fungu 63 kwa 37. Hii ndiyo shaba ya sinia na ya mabirika. Hung'aa sana, ni laini, na ukiipiga hutoa sauti moja ya juu juu, kisha inakata. Humo ndimo yalimo masanduku mengi ya bei ya chini. Meinl wana HCS, Sabian wana SBR, Paiste wana PST 3, Zildjian wana Planet Z, na ziko chapa nyingi zaidi zisizokuwa na jina wala kwao. Daraja ya pili ni bronzi ya bamba, fungu 92 za shaba nyekundu kwa 8 za bati. Bamba hukatwa mviringo, likabonyezwa na kupigwa kwa mashine. Sauti yake ni kali na safi, na inabeba mbali. Humo mna B8X ya Sabian na PST 5 ya Paiste. Wala mtu asiidharau daraja hii, maana Paiste wa Uswisi wanatengeneza kwa mchanganyiko huo huo matoazi yao ya 2002, tangu mwaka 1971, na mabendi makubwa ya dunia yameyatumia. Daraja ya tatu ni bronzi ya kumiminwa, fungu 80 kwa 20, iliyo karibu na ile ya Istanbul ya kale. Madini huyeyushwa, yakamiminwa, yakapitishwa katika vinu vya moto hadi yawe bapa, yakafuliwa kwa nyundo na kukerezwa. Sauti yake ina sauti nyingine ndani yake, kama kisima chenye maji juu na maji chini. Kazi ni nyingi, na kwa hivyo bei iko juu.

Watu wa Taita Taveta hawahitaji kufundishwa nami somo hili, kwani wao wamelala juu ya vito. Kile kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti, ambacho kampuni ya Tiffany ya New York ilikitangaza duniani mwaka 1974, kinachimbwa katika ardhi yao, na yakuti nyekundu ya Kasigau inajulikana. Muulize mnunuzi yeyote wa mawe pale Voi kama hununua kwa sababu jiwe linang'aa. Atakucheka. Atalitazama kwa tochi, atatafuta ufa ndani yake, ataligeuza, na chupa iliyovunjika hataichukua hata ikimetameta vipi. Kijana anayeishi katika mji wa namna hiyo, akaenda Mombasa kununua toazi kwa sababu linang'aa, amewavunjia heshima wachimbaji wa kwao.

Basi ni yapi ya kununua na yapi ya kungoja? Seti ya kawaida ina aina tatu. Kwanza ni haihati, yale matoazi mawili pacha ya inchi 14 yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ambayo yalipata umbo lake la leo huko Marekani katika miaka ya 1920. Pili ni raidi, toazi kubwa la inchi 20 hivi, la kushikilia mwendo. Tatu ni krashi, la inchi 16, la mshindo pale wimbo unapogeuka. Masikio ya watu hulikumbuka krashi kwa sababu ya makelele yake, lakini lisikilizeni rumba la Afrika Mashariki, au chakacha iliyotiwa dramu. Utasikia krashi mara chache, na haihati utaisikia tangu mwanzo hata mwisho. Haihati ndiyo inayoshona wimbo, kama mshona kofia anavyopitisha sindano tundu kwa tundu bila ya mtu kumwona.

Kwa hivyo vijana wa Voi na watie fedha yao nzuri zaidi katika haihati. Hapa wasibane hata kidogo. Ikibaki fedha, watafute toazi moja la inchi 18 lenye wembamba wa kadiri, linaloweza kupigwa ubavuni likafanya kazi ya krashi, na kupigwa kwa ncha ya kijiti likafanya kazi ya raidi. Kwa vitu viwili hivi bendi inafanya kazi. Raidi lenyewe lije upatu ukizunguka tena, na krashi baadaye. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyenunua manne mabaya kwa mara moja hatayajaza kitu, maana baada ya mwaka atayauza kwa bei ya chuma chakavu na kuanza alipoanzia.

Na ya mkononi je? Mimi nasema ndiyo, na kwa sauti. Bronzi haiozi kwa umri. Toazi la bronzi lililopigwa miaka 20 kwa mkono wa adabu linaweza kushinda jipya la shaba ya manjano, na bei ikawa haizidi sana. Mabendi ya mahoteli ya pwani yaliyovunjika yameacha vyombo vingi mikononi mwa watu, na si kila mwenye navyo anajua thamani yake. Lakini cha mkononi kinataka macho. Litazame ukingo wote pole pole, ulipitishe kidole, maana ufa huanzia ukingoni ukiwa mdogo kama unywele. Toazi lenye ufa usilinunue hata ukipewa nusu ya nusu ya bei, kwani ufa unatembea. Litazame tundu la katikati. Likiwa limelika upande mmoja likawa na umbo la tundu la ufunguo, jua kwamba mwenyewe alikuwa akilipiga bila ya kitambaa wala mrija wa plastiki, na kama hakulitunza hapo basi hakulitunza popote. Rangi iliyofifia isikutishe. Weusi si ugonjwa.

Baada ya macho, sikio. Liweke toazi kwenye stendi yake au ulining'inize kwa tundu, ulipige polepole kwa kijiti chako mwenyewe ulichotoka nacho nyumbani. Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa hupiga tena na tena mpaka duka zima likajaa kelele. Piga mara moja na usikilize linavyokufa. Toazi zuri hufifia kwa utaratibu, kama adhana ya mbali. Baya hukata ghafla, au huacha nyuma yake mlio wa debe. Piga ukingoni, piga mwilini, piga pale katikati palipobinuka kama kofia. Sehemu tatu zitoe sauti tatu zinazojuana. Haihati ifunge kwa mguu peke yake bila ya kuipiga, nayo ikujibu kwa neno moja fupi, chik, lililo wazi. Ikitoa pumzi tu, achana nayo. Halafu mpe mwenzako apige, wewe utoke nje ya mlango usikilize kutoka barabarani, kwa sababu harusi za Voi huchezwa uwanjani chini ya mahema, na huko hakuna kuta za kukusaidia. Mtu wa pwani aliyezoea kumtambua muuza kahawa kwa mlio wa vikombe vyake tangu yuko kichochoro cha tatu hana udhuru wa kusema hana masikio.

Nimepata kwenda na kijana mmoja katika duka moja mjini, ambalo sitalitaja, na muuzaji akatukataza kugusa. Akasema, lipa kwanza ndipo upige. Tulitoka. Biashara haigombi, nasi hatukugombana naye, lakini toazi lisilosikilizwa ni kama samaki asiyenuswa. Muuzaji anayekuzuia kusikiliza amekwisha kukujibu.

Najua yatakayosemwa. Atatokea mtu aseme, huyu mzee anawashauri maskini wanunue vitu vya matajiri. Sikusema hivyo. Nimesema fedha ile ile, isizidi hata shilingi moja, inunue vichache vilivyo bora badala ya vingi vilivyo hafifu. Mwingine atasema kwamba mkono mzuri hushinda chombo kibaya, na atanirudishia lile jembe la mwanzo. Nami namjibu kwamba mkulima wa Werugha anayelima mboga kwenye miteremko ile ya Taita halimi kwa jembe la bati. Mkono mzuri kwenye toazi bovu ni msomaji mwenye sauti nzuri aliyezibwa mdomo. Atasikika, lakini hatasikilizwa. Na kwa mtoto anayeanza shuleni, ambaye hajui kama mwakani atakuwa bado na hamu, shaba ya manjano inamtosha kwa kujifunzia. Huyo simsemi. Namsema anayekwenda kuomba ujira kwa watu.

Na ujira ndio uliobeba uzito wa jambo hili lote. Zamani mwenye harusi alikuwa hana budi kuita wapigaji. Leo ana hiari. Anaweza kumwita kijana mmoja mwenye kompyuta na spika mbili, au mwenye kinanda cha umeme ambacho ndani yake mna dramu, mna matoazi, mna kila kitu, na hakili chakula cha watu watano. Taarabu yetu wenyewe imepita njia hiyo, na wapigaji wangapi wameweka vyombo vyao juu ya kabati! Sauti ya toazi ndani ya kinanda imerekodiwa kutoka toazi zuri. Sasa bendi ya watu hai ikija uwanjani na sahani nne za bati, mwenye harusi atasikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba mashine imewashinda watu. Hatajua kwamba tatizo ni shaba na zinki. Atasema tu kwamba bendi hizi za siku hizi zina makelele, na mwezi ujao atamwambia ndugu yake asiite bendi. Hivyo ndivyo kazi ya vijana watano inavyokufa, na pamoja nayo kazi ya wengine ambao hawajazaliwa.

Mkishayapata, yatunzeni. Nati ya juu msiikaze mpaka mwisho, kwani toazi linataka kuyumba, na likibanwa hupasuka. Tieni kitambaa kizito chini na juu ya tundu, na mrija wa plastiki katikati. Pigeni kwa kufagia, si kwa kutema kuni. Mkishuka Mombasa kupiga na kurudi, yafuteni jasho na chumvi ya bahari kwa kitambaa kikavu. Na tafadhalini, msiyasugue kwa jivu na ukwaju kama bibi zetu walivyosugua sinia zao, kwani mtang'arisha uso na kuila ile mistari myembamba iliyokerezwa, ambayo nayo ina sehemu yake katika sauti.

Mtu wa mashairi hawezi kuondoka bila ya kuacha beti moja, nami naliacha hili kwa wale watano, walikariri njiani wanapokwenda kununua:

Sikio ndilo mizani, si jicho kubabaizwa,
Usinunue dukani, pasipo kusikilizwa,
Ngoma hupashwa motoni, ikilegea hukazwa,
Toazi halina fani, ya upya kutengenezwa.

Wenye haja ya sanduku zima nawaomba wawakubalie wenzao, na wasione wameshindwa. Upatu bado unazunguka, na zamu ya raidi na ya krashi itafika, insha'Allah. Kwanza ipatikane haihati moja ya bronzi, ili mwenye harusi wa Mwatate aisikie, na wakati wa kulipa aulize bendi hii inapatikana lini tena.